Namba Tisa Hakimbii

Baba yangu hakuwa mtu wa kumsifu aliye hai. Alikuwa fundi cherehani, anashonea kwenye baraza ya duka moja Mtaa wa Msimbazi, nasi tukiishi nyumba hiyo hiyo, nyuma ya duka, na juu ya meza yake, kando ya mkasi na chaki, palikaa redio kubwa ya betri iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isifumuke. Kila Jumamosi asubuhi, wakati wenzake wanakunywa chai na kugombana kuhusu timu mbili za Kariakoo, yeye aliinamisha sikio kwenye redio ile akisikiliza watu wa Australia wanacheza raga. Kule kwao ilikuwa alasiri. Kwetu ndiyo kwanza maandazi yanatoka kwenye mafuta.

Mtaani waliuita mpira wa yai, na hakuna aliyewahi kuuona. Baba aliuona ujanani, alipokuwa mtumishi wa meli. Meli yao iliharibika huko Australia, wakakaa msimu mzima wakisubiri itengenezwe, na siku za mapumziko alikuwa hana pa kwenda. Akawa anasimama nje ya uzio wa uwanja, anachungulia. Alirudi Dar na Kiingereza cha melini, nyonga iliyobanwa na mnyororo, na maradhi hayo ya raga ambayo hayakupata dawa mpaka anaingia kaburini.

Wachezaji hakuwaita kwa majina yao, aliwapa yake. Kulikuwa na Bwana Harusi, ambaye baba alidai anacheza huku anaogopa kuvurugika nywele. Kulikuwa na Mjukuu wa Kamati. "Huyu alichaguliwa angali tumboni mwa mama yake," alisema baba. "Alipozaliwa wakamvika jezi badala ya winda." Mpiga penalti alikuwa na mguu wa kufukuzia kuku. Siku mmoja wao alivunjika mguu, mtangazaji mwenyewe sauti imemshuka kwa huruma, baba akasema, "Afadhali. Sasa watamtoa bila kumwonea haya." Alisema hivyo huku anatafuna andazi. Nilikuwepo, nikamwona na makombo kwenye ndevu.

Na sisi nyumbani tulichaguliwa hivyo hivyo. Ukivunja sahani, uko benchi. Mama akizidisha chumvi, "huyu kocha aliyemwoa huyu mama alikuwa kipofu," anajisema mwenyewe. Watu wa baraza walicheka. Mama hakucheka hata siku moja, na mimi nilijifunza mapema kwamba baba akifungua mdomo lazima mtu aumie.

Mchezaji mmoja tu hakuguswa, namba tisa wao. Kwenye raga huyo ndiye mdogo kuliko wote. Majitu yakishakumbatiana na kusukumana mabega, yeye anainama, anauchomoa mpira chini ya miguu yao na kuwarushia wenzake wakimbie nao. "Huyu simsemi," alisema baba. Kwa kinywa chake hiyo ilikuwa sawa na kumpa mtu nishani.

Mgeni aliingia nyumbani kwetu wakati wa masika, Jangwani kumejaa maji, watu wanahamisha magodoro. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alimleta akamkabidhi chumba cha uani. "Huyu ni ndugu yetu, mpigania uhuru kutoka kwa makaburu," akasema. "Mpokeeni." Miaka ile baada ya Azimio, Dar ilikuwa na wengi kama yeye, na mtu akiambiwa ndugu mpigania uhuru alipisha njia. Huyu wetu alikuwa ameumia goti mafunzoni kambini, wakamweka ofisini mjini kutafsiri habari. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea kuliko goti. Jina lake tulilijua, lakini nyumba nzima ilimwita Mgeni, hata baada ya siku ya tatu, ile ya kupewa jembe.

Jumamosi yake ya kwanza alitoka uani na mswaki mdomoni. Akasikia redio. Akasimama pale pale kwenye korido, povu linamtiririka kidevuni.

"Shikamoo, Mzee. Nani anaongoza?"

Baba aliacha kukanyaga cherehani. Maisha yake yote ya Kariakoo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo.

Kumbe kwao Mgeni, upande wa mashariki wa nchi ile, watu weusi walicheza raga tangu enzi za babu zao. Walikuwa na timu zao, na viwanja vyao vya vumbi na mawe. Timu ya taifa ilikuwa ya weupe watupu, mtu mweusi hachaguliwi hata angekuwa na mabawa. Na yeye Mgeni alikuwa namba tisa.

Lo, baba alipona! Nasema alipona kwa sababu sina neno lingine. Alianza kumwita mwanangu. Alimwekea kiti cha pili mezani, mahali ambapo hata mjumbe hakuwahi kukalishwa. Wakawa wawili sasa wanaowatukana watu wa Australia: Mgeni naye alikuwa na mdomo, ila wake ulikuwa na mzaha ndani yake, mtu anaweza kuusikia na bado akala chakula chake. Walikubaliana kuhusu Bwana Harusi. Walikubaliana kuhusu Mjukuu wa Kamati. Kuhusu namba tisa waligombana kila Jumamosi.

"Mzee, yule anapiga hatua moja kabla ya kuutoa mpira. Anachelewa."

"Umemwona wapi wewe?"

"Namsikia. Mtangazaji anasema 'anauchukua', halafu kuna nafasi, halafu 'anarusha'. Hiyo nafasi ndiyo hatua."

"Ebo! Unasikia hatua ya mtu kwenye redio!"

Ili kumaliza ubishi baba alishona mpira. Alichukua vipande vya turubai na khaki, akavikata kwa umbo la yai, akaujaza matambara. Mgeni akauweka chini mwisho wa korido, akainama juu ya lile goti bovu, na kabla hujajua ameinama mpira umeshafika mlango wa mbele. Hakupiga hatua yoyote. Ulinipiga mimi kifuani, maana ndiyo nilikuwa naingia na ndoo ya maji. Ndoo nikaiachia, mpira nikaudaka.

"Umeona mikono hiyo?" baba akasema. Alikuwa anamwambia Mgeni, si mimi, lakini nilisikia.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu jioni. Yeye anarusha, mimi nadaka. Wanawake wa uani walinicheka, msichana mzima umemaliza shule unacheza yai na mwanamume! Wacheke. Mtu anayekurushia kitu kila siku bila kukuumiza unamjua vizuri, kuliko anayekuandikia barua zenye maua. Nilimpenda. Siwezi kulizungushia maneno jambo hili, na sasa hivi umri wangu hauniruhusu kuona haya.

Mama alijua kabla sijamwambia. Hofu yake ilikuwa dini, maana Mgeni alikuwa Mkristo na sisi ni Waislamu wa Lindi. Mgeni akasema atasilimu, na mzee wetu mmoja muuza nyama sokoni akakubali kumpeleka msikitini. Mzee huyo huyo ndiye akakubali kuwa mshenga. Kwetu mwanamume hajiposei, anakwenda mtu mzima na maneno ya kuzunguka, na Mgeni hapa mjini alikuwa hana baba wala mjomba. Muuza nyama alikuwa mtu wa heshima na kofia yake safi. Raga alikuwa haijui kabisa.

Sasa wakati huo huo zikaja habari kwamba timu ya makaburu itakwenda kucheza Australia. Baba akafurahi, utadhani ni yeye anayewapokea. "Watachinjwa!" Mjumbe alipita barazani akiwa ameshika kiuno. "Ndugu, nasikia unashabikia makaburu." Baba akamjibu kwamba anashabikia watakaowapiga makaburu, na kama mjumbe hajui tofauti arudi kwenye foleni ya sukari. Mjumbe akaondoka amevimba.

Mgeni hakufurahi. "Mzee, wale hawafai kuchezwa nao," alisema. "Ukicheza naye umeshamwambia kwamba yuko sawa."

"Asiyekubali kushindwa si mshindani. Waje wapigwe."

"Hata wakipigwa, watakuwa wamekaribishwa."

Baba alimtazama kwa namna ambayo sikuipenda. Lakini waliachana kwa chai, na mimi nikajipa moyo.

Hapo ndipo tulipokosea. Mgeni aliamua posa iletwe Jumamosi asubuhi. Nilimwambia siku nyingine yoyote. Akasema, "Jumamosi ndiyo siku baba yako ana furaha. Siku nyingine anashona tu." Mama naye akaona ni sawa. Tuliishi na mtu yule miaka yote na hatukuelewa kwamba kwake ile haikuwa furaha. Jumamosi alikuwa kazini.

Muuza nyama alikuja na kanzu yake. Mimi nimejificha nyuma ya pazia la korido, mama yuko nyuma yangu amenishika bega. Redio inazungumza, baba ameinama. Mzee wa watu akatoa salamu, akaulizia afya, akaulizia kazi, akafika kwenye neno lenyewe. "Tumepita njiani tumesikia harufu ya ua. Tukasema, lazima ua hilo liko humu ndani."

Baba akanyoosha kidole. Ngoja.

Mtangazaji alikuwa anasema kwamba wachezaji kadhaa wa Australia, watu waliokwisha kwenda kucheza kwa makaburu wakaona kwa macho yao yanayotendeka huko, wametangaza hawataki kuchaguliwa. Wengine wao ni wale wa mbele, wanaosukumana mabega, ambao baba aliwategemea. Wamekataa kuvaa jezi mbele ya makaburu.

Uani nikasikia makofi. Mgeni alikuwa anasikiliza kupitia dirishani, akasahau kwamba leo ndiyo siku yake ya kukaa kimya. Alipiga makofi na kupiga kelele kwa lugha ya kwao.

Baba akanyanyua kichwa polepole. "Mkataa pema, pabaya pamwita," alisema. Kisha akamgeukia muuza nyama. "Ulikuwa unasema?"

"Nilikuwa nasema ua, bwana. Kijana wetu huyu anaomba..."

"Mwambie hapana."

"Bwana, hata hatujafika..."

"Mwambie mimi simchagui mtu anayewapigia makofi wanaotupa jezi. Leo anamsifu aliyekataa kuchezea nchi yake. Kesho atamtupa binti yangu vivyo hivyo."

"Jezi ipi tena?" Masikini mzee, alikuwa anatazama kushoto na kulia. "Mimi nimekuja kwa ajili ya binti!"

Mgeni alikuja kwenye korido. Akanipita bila kunitazama, akatoka barazani. Watu wa chai wote walikuwa wamegeuka. Alisimama mbele ya meza ya baba, mikono nyuma, kwa adabu.

"Mzee," alisema, "wale wameitwa wakakataa. Mimi nilikuwa namba tisa mzuri kuliko wao wote, na sikupata hata bahati ya kukataa. Hakuna aliyeniita."

Mtu mwenye moyo angeishia hapo. Mtu mwenye moyo angesema kaa chini, mwanangu, mke wangu atuletee chai. Nilimwona baba akiitafuta ile sehemu laini, kama anavyotafuta mshono wa kufumulia, na alipoipata hakusita.

"Ungekuwa mzuri ungebaki huko," alisema. "Namba tisa hakimbii. Wewe umekimbia nchi nzima, ukaja kula ugali wa watu."

Hata wale waliokuwa wakicheka kila kitu chake walitazama vikombe vyao. Muuza nyama alisema "Astaghfirullah," akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka. Baba aliongeza sauti ya redio.

Jioni mama alimwambia baba, "Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wewe umepitiliza, umemwambia." Hayo ndiyo maneno makali kuliko yote niliyowahi kumsikia akimwambia mumewe. Baba akamwambia chumvi imezidi.

Mgeni alinikuta bombani, uani. Alikuwa ameosha kikombe chake na kukiweka dirishani. Nilidhani ataniambia tutoroke, na ningekwenda, wallahi, ningekwenda na kanga moja.

"Baba yako amesema kweli moja," akasema.

"Ipi? Yule mzee hajawahi kusema kweli, anatukana tu! Hata mvua anaitukana!"

"Namba tisa hakimbii."

Nilimwambia yeye ni mjinga. Nilimkumbusha goti, kwamba wakubwa wake wenyewe wamemwambia abaki ofisini, kwamba hakuna anayemdai vita. Nilimuuliza, na mimi je? Akasema atarudi kuniposa upya, na safari hii baba hatakuwa na neno. Hapo ndipo nilipoona kwamba yule mzee ameshinda. Alikuwa amemwingiza mtu kwenye timu yake bila mwenyewe kujua. Mgeni aliomba kwa wakubwa wake apelekwe kusini, akaomba tena mpaka wakachoka, na kabla mechi za makaburu hazijaanza chumba cha uani kilikuwa kitupu.

Makaburu waliwapiga Australia mechi zote kubwa. Redioni zilikuwa zinasikika filimbi za watu waliokwenda uwanjani kupinga, mpaka mtangazaji hasikiki, na baba anazilaani filimbi, analaani waliocheza, analaani zaidi waliokataa. Hakukuwa na mtu wa kumjibu. Kiti cha pili kilikuwa hapo hapo mezani, kitupu, na mjumbe alipojaribu kukikalia baba alimwondoa. Ule mpira wa turubai niliukuta umefumuliwa. Kipande kimoja kilikuwa kimeshakuwa kiraka kwenye suruali ya mteja. Nilipomuuliza, alisema turubai ni ghali.

Niliwakataa wanaume wawili walioletwa baada ya hapo. Baba aliniambia niko benchi. Nilimjibu kwamba benchi kuna kivuli, na akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, maana alisikia mdomo wake mwenyewe unamjibu.

Masika ikaja ikapita, Jangwani ikajaa ikakauka, ikajaa tena. Ikawa Jumamosi asubuhi, Australia wanacheza, baba yuko mezani, mimi nakaanga maandazi kando yake maana mama alikuwa anaumwa mgongo. Wakaja watu wawili. Nguo zao zilipigwa pasi, na mmoja alikuwa ameshika begi dogo la kitambaa nililolijua. Walikuwa na lafudhi ile ile ya Mgeni. Wakasema, "Shikamoo, Mzee. Tumetumwa kwako."

Baba hakuitikia marahaba. Alinyoosha kidole. Ngoja.

Wakangoja. Walikuwa na adabu, walisimama juani mbele ya baraza, begi liko mikononi, wakisikiliza mpira ambao mmoja wao, niliona, aliufahamu, maana midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilikuwa nimeshajua. Mafuta yalikuwa yanaungua na sikuyaepua. Ningeweza kuizima ile redio, ilikuwa karibu na mkono wangu, lakini nilikuwa nataka na mimi mechi isiishe.

Ikaisha. Filimbi ikalia. Baba hakushusha kidole. Baada ya mpira, redio ile huwa inatangaza mbio za farasi, kitu ambacho baba alikidharau kuliko vyote duniani, alikuwa akisema ni mchezo wa kuwachagua wanyama kwa sababu watu wamekushinda. Siku ile alisikiliza farasi, kidole kiko juu. Farasi walikimbia mpaka mwisho. Wakaanza wengine.

Nikaizima mimi.

Mwenye begi akasema yaliyowaleta. Alisema ni huko kusini, kwenye kuvuka mto. Alisema maneno ya heshima aliyofundishwa kuyasema, na mama alikuwa ametoka ndani ameshika ukuta, akaanza kulia. Baba akauliza swali moja tu.

"Alikuwa anaelekea wapi?"

Yule mtu hakuelewa. Mwenzake, yule aliyeijua raga, alielewa. "Mbele, Mzee," akasema. "Sisi tulikuwa tunarudi. Yeye alienda mbele kumchukua mtu aliyeanguka."

Baba akatikisa kichwa, akakitikisa tena, ile namna anavyokubali mshono ulionyooka.

"Huyo," akasema, "ningemchagua."

"Uliletewa, Baba," nikamwambia. "Uliletewa hapa hapa barazani, Jumamosi kama ya leo."

Aliinama akaanza kukanyaga cherehani, na sindano ilikuwa haina uzi.